Konteina Yangu na Masinia ya Kowsar

Jumatatu, 8 Oktoba 2018

Nina miaka sabini na mbili. Nimekizika kiwanda cha magari kilichokuwa hapa hapa Longbridge, kwa Waingereza, nimewazika mameneja wanne, printa tatu, meno yangu yote ya juu, na daktari aliyeniambia niache sukari. Yeye kafa. Mimi bado naweka vijiko vinne.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika, masomo ya ngumbaru, Isiolo. Wenzangu walikaa darasani miaka miwili. Mimi baada ya miezi mitano mwalimu akaniambia niende nyumbani, hana tena la kunifanyia. Na daftari hili ni shauri ya mke wangu, Zeinab. Amesema amechoka kusikia habari za mjengo kila akipakua chakula, nikaziambie karatasi. Haya karatasi, sikiliza.

Mimi ni mtunza ramani. Tunajenga maghorofa, na fundi hawezi kuinua ukuta bila ramani, na ramani zote ziko kwenye konteina yangu pale getini. Ramani mpya ikija, napiga muhuri wa kijani. Ile ya zamani napiga mwekundu, maana yake imepitwa, msijengee. Kusoma maneno mengi ya nini? Rangi inatosha. Miaka kumi na minne sijakosea. Konteina ina hita, birika la umeme, kiti chenye mto, na dirisha dogo la kuongea na watu.

Leo meneja wetu, Hardeep, ametukusanya kwenye matope. Kando yake binti mmoja, Kowsar. Msomali, kakulia Eastleigh, Kiswahili chake safi. Kampuni imemtuma atusaidie kuhama. Kuhama kwenda wapi? Ati kutoka kwenye karatasi! Ramani zote sasa zitakaa ndani ya vioo vya kushika mkononi. Yeye anaita tableti. Mimi naita masinia. Sinia lisilo na wali ni la kazi gani?

Halafu Hardeep akasema lile neno. Mambo yakienda sawa, Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tisa, konteina inarudi kwa wenyewe. Nikauliza na mimi je? Akasema nitahamia getini kuosha magurudumu ya malori. Kwa mpira wa maji. Mimi! Na Novemba hiyo inakuja na baridi yake!

Lakini Kowsar akaongeza jambo, maskini, hakujua anaongea mbele ya nani. Alisema makao makuu wataangalia hesabu, watu wangapi wanatumia masinia na mara ngapi. Hesabu ikiwa ndogo, wanarudi kwenye karatasi.

Basi. Kazi yangu ni moja. Hesabu iwe ndogo.

Jumanne, 9 Oktoba

Darasa kwenye chumba cha chakula. Mafundi arobaini, masinia sita. Nilikaa nyuma nikikohoa kila Kowsar alipofungua mdomo. Aliniletea maji. Akaniita adeer, yaani ami. Adabu anayo. Haitamsaidia.

Nilikuwa na tumaini moja kubwa: Kewal Singh. Fundi wa kuta, mzaliwa wa Kisumu, miaka sitini na tisa, mkaidi kuliko nyumbu. Tumegombana tangu mjengo wa kwanza tulipokutana. Anachukua ramani, anairudisha na mchuzi. Nilijua huyu hawezi kukubali sinia.

Alikubali! Kowsar alimwonyesha kwamba ukiweka vidole viwili kwenye kioo na kuvitanua, ramani inakuwa kubwa. Kewal akavua miwani. Akatanua. Akatanua tena. Akaona skrubu. Akacheka kama mtoto. Mwisho wa somo alikuwa wa kwanza darasani, akaweka sahihi ya kupokea sinia, kisha akapita mbele yangu na kuniambia kwa sauti, "Sugow, hiyo konteina ifugie kuku!"

Watu wote walicheka. Hata wasiojua Kiswahili.

Saa kumi Kowsar akaleta masinia yote sita konteinani kwangu yachajiwe, kwa sababu kwangu pana umeme. Akanishukuru. Akataja pia kwamba ramani ya ghorofa ya tatu imebadilika: mlango wa bafu umeondolewa kwenye ukuta wa koridoni, umepelekwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Ramani mpya itaingia yenyewe usiku.

Yenyewe! Bila muhuri!

Niliangalia masinia. Yote sita yanaonyesha ramani ya jana. Ramani ya jana imepitwa. Sheria ni sheria. Nikachukua muhuri mwekundu. Pa! Pa! Pa! Mara sita, katikati ya kioo. Wino mzuri ule, wa Kijerumani, haufutiki.

Nimelala vizuri sana kwenye treni. Nilipitishwa Aston, kituo cha kwangu, nikashuka mbele huko.

Jumatano, 10 Oktoba

Siku tamu!

Mafundi walichukua masinia saa mbili asubuhi. Wakafungua ramani ya ghorofa ya tatu: imepitwa, msijengee. Wakafungua ya nne: imepitwa. Wakafungua ya choo cha chini, ya ngazi, ya maegesho: imepitwa, imepitwa, imepitwa. Mmoja akafungua picha ya mtoto wake. Naye kapitwa.

Kwa sheria za mjengo, ramani iliyopitwa haijengewi. Kwa hiyo mafundi wakafanya linalofanywa nchi hii mtu akikosa la kufanya. Wakaenda kunywa chai. Watu arobaini, kwa muda wa saa mbili nzima. Waliniletea na biskuti.

Kowsar hakupiga kelele. Ndicho kinachonitia wasiwasi kuhusu huyu binti. Alitoa kwenye mkoba wake dawa ya kuondoa rangi ya kucha, akasugua masinia moja moja, mpaka yakang'aa. Kisha akaniuliza, adeer, kwani ulidhani ramani iko juu ya kioo? Nikamjibu kama haiko juu ya kioo basi iko wapi, mimi nimeiona hapo kwa macho yangu. Akafikiri kidogo. Alisema hilo ni swali zuri. Bila shaka ni zuri.

Hardeep ndiye aliyepiga kelele. Ameninyang'anya mihuri yangu yote miwili, mwekundu na wa kijani, akaifungia kwenye droo yake. Miaka kumi na minne! Ni kama kumvua hakimu joho.

Baada ya chai watu wa Kewal wakafanya kazi kwa sinia. Jioni walikuwa wamemaliza ukuta wa koridoni, nyumba namba kumi na nne, ghorofa ya tatu. Kewal alipita dirishani kunitangazia. Sikumuuliza.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mvua! Mvua ya kulala ubavu kwa upepo, inayoingia mpaka soksi. Madirisha ya ghorofa ya tatu bado hayajawekwa. Na sikilizeni niliyogundua: sinia halisikii kidole kilicholowa. Unagusa, halijibu. Unafuta, unagusa, linakuonyesha maegesho.

Saa nne mtu akagonga dirisha langu. Kewal Singh! Maji yanamtiririka kwenye ndevu. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akasema kwa sauti ya chini anataka karatasi ya ghorofa ya tatu. Ya leo tu. Na nisimwambie mtu.

Nilimfanya aseme tafadhali. Kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, halafu kwa Kipunjabi. Nilimuuliza vidole viwili vimefika wapi. Nilimuuliza kama angependa pia yai, maana siku hizi nafuga kuku. Alisimama tu akilowa. Dakika tano bora za mwaka huu.

Kisha nikaingia kwenye rafu kumtafutia. Hapo pakawa na jambo dogo. Ramani za ghorofa ya tatu zilikuwa mbili, mpya na ile ya zamani, zote nilizichapa jana jioni, ya zamani kwa sababu ya mchuzi wa Kewal, na kwa kuwa Hardeep kaninyang'anya mihuri, zote mbili nyeupe. Nikaziangalia. Zikaniangalia. Nikachukua iliyonyooka zaidi. Mtu wa uzoefu wangu haangalii rangi, anahisi.

Kewal akaificha chini ya koti, akaondoka mbio. Hesabu ya masinia leo: ndogo! Konteina inabaki!

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimetukanwa.

Kewal alikuja kwenye chumba cha chakula, mbele ya watu wote, akasema nimemwibia mkebe wake wa chakula. Ule wa stili, wa ghorofa tatu, dengu chini, wali katikati, chapati juu. Na redio yake. Na pimamaji yake ya tangu Kisumu. Ati vyote vilikuwepo jana akifunga ukuta wa chumba cha kulala, na jioni havikuwepo, na nani mwingine kwenye mjengo huu ana roho mbaya kama yangu? Akaniita mwizi wa dengu.

Mimi! Dengu zinanivimbisha tumbo, Zeinab ni shahidi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Kowsar. Nikamwambia, binti yangu, mimi ni mzee, nifundishe sinia. Alifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Ilipita. Alinionyesha: unabonyeza kidole kwenye ramani, pale penye kasoro, inaota pini nyekundu. Unaandika kasoro ni ipi. Unapiga picha. Unatuma. Inalia kwenye simu ya meneja hapo hapo, na jina la fundi mwenye kosa linaonekana.

Jina la fundi mwenye kosa! Kwa nini hawakuanza na hilo?

Nikapanda ghorofa ya tatu, nikawa huko mchana mzima, watu wakiwa wamekwenda kwenye kazi za chini. Kuta zote za Kewal. Pini. Niliandika MBAYA. Neno la kwanza lilinichukua dakika nne, hiyo M inajificha. Ukuta wa pili: MBAYA. Wa tatu: MBAYA SANA. Kufika wa kumi vidole vilikuwa vinakimbia vyenyewe. Ukuta wa ishirini niliandika MBAYA KAMA MWENYEWE. Nilipomaliza kuta zote, pini arobaini.

Halafu nikafika nyumba namba kumi na nne. Hamna mtu. Kimya. Nikasikia mtu anaongea ndani ya ukuta.

Naandika nilichosikia. Mwanamume. Anaongea Kiingereza, taratibu, habari za barabara, kwamba magari yamejaa kuelekea mjini. Kisha akaimba. Na muziki nyuma yake! Nikazunguka upande wa pili wa ukuta. Huko nako kafungiwa, anaimba tu. Hakuna mlango wa kuingilia kwake. Nikasoma dua zote ninazozijua, na moja ya safari.

Nikaweka pini ya arobaini na moja. JINI. Nikashuka ngazi kama kijana wa miaka hamsini.

Jumatatu, 15 Oktoba

Hardeep alinisubiri getini. Macho mekundu. Ijumaa mchana alikuwa kwenye sherehe ya binti yake, simu ikalia mara arobaini na moja, na hakuelewa hata neno moja. Alimpigia Kowsar amtafsirie. Kowsar alimsomea zote, moja moja. Ati alipofika JINI alishindwa kuendelea kwa kucheka.

Tukapanda ghorofa ya tatu: Hardeep, Kowsar na sinia lake, Kewal na hasira yake, mimi. Wakakagua pini moja baada ya nyingine. Ukuta mzuri. Ukuta mzuri. Ukuta mzuri sana. Kila ukuta Kewal anageuka na kuniangalia. Nilisema mwanga wa Ijumaa ulikuwa hafifu.

Pini ya arobaini na moja. Jini alikuwa amenyamaza. Hardeep akauliza kasoro iko wapi hapa. Kowsar akaangalia sinia. Akaangalia ukuta. Akaenda koridoni, akarudi chumbani. Akaenda tena koridoni. Kisha akasema, pole pole, "Samahani. Bafu linaingiliwa wapi?"

Tukalizunguka wote wanne kama mahujaji. Bafu halikuwa na mlango! Ukuta wa koridoni, walioujenga Jumatano kwa sinia, kwa ramani mpya, hauna mlango kwa sababu mlango umehamia chumbani. Ukuta wa chumbani, walioujenga Alhamisi, hauna mlango kwa sababu kwenye ramani ya zamani mlango uko koridoni. Walifunga bodi za jasi kutoka nje, skrubu ya mwisho, wakaenda zao.

Hardeep akaita msumeno. Wakakata. Ndani: redio, betri imekwisha. Pimamaji ya Kisumu. Mkebe wa ghorofa tatu, na kila ghorofa imeota manyoya.

Hardeep akauliza ukuta huu wa Alhamisi ulijengwa kwa ramani gani.

Kewal akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Dari ilikuwa nzuri, sina neno nayo. Kwenye buti la Kewal niliona ncha ya karatasi imechomoza. Akisema karatasi, ataulizwa imekuwaje mwanafunzi wa kwanza darasani akaacha sinia. Akisema kaipata kwangu, nami nitaulizwa. Mpira wa maji niliuona mbele yangu, nikausikia baridi mikononi.

Kewal akasema, "Mvua ilikuwa nyingi, bwana."

Hardeep akamkemea kidogo. Kisha akanigeukia. Akanishika bega. Alisema kama si pini yangu, ghorofa ya nne na ya tano zingefungwa vivyo hivyo. Alisema nina jicho.

Nilimwambia nililijua hilo siku nyingi.

Jumanne, 16 Oktoba

Kewal kaja dirishani na ile ramani ya zamani, imekunjwa kama sambusa. Akanirudishia. Nikampa chai, vijiko vinne. Akasema, "Sikia we mzee. Ukizama, nazama. Nikizama, nakushika mguu." Nikamwambia tumeelewana. Akakiri mbele ya watu wake kwamba mimi si mwizi wa dengu. Nami nikaahidi kuondoa pini zangu arobaini za uongo.

Nikakaa na sinia mchana mzima kwenye kiti changu chenye mto. Kuondoa pini moja ni kazi kubwa: unaifungua, linakuuliza kama una hakika, unasema ndiyo, linakuuliza sababu, unaandika MZURI. Mara arobaini. Hita inawaka, birika linachemka. Sinia si baya ukiwa umekaa mahali pakavu.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimesikia lori limeagizwa kuja kuchukua konteina mapema. Nikajifungia ndani. Nikaweka kiti mlangoni. Nikatangaza kupitia dirishani kwamba sitoki, na wakinibeba wanibebe na nyumba yangu kama kobe.

Saa tano Kowsar akagonga. Akasema, adeer, wakubwa wa makao makuu wamekuja, wanakutaka. Nikasema waje wenyewe. Akasema wamekuja na keki. Nikauliza keki ya nini. Akasema ina jina lako.

Hakuna mwanamume aliyewahi kukaa ndani wakati jina lake liko nje kwenye keki.

Chumba cha chakula kimejaa. Ukutani wameonyesha hesabu kwa mistari, mjengo kwa mjengo, mtu kwa mtu. Mistari mifupi mifupi, na katikati mmoja mrefu kama kreni. Nikauliza huyo bwana mkubwa ni nani. Wakasema ni wewe, Mzee Sugow! Pini arobaini na moja kuweka, pini arobaini kuondoa, picha, maandishi. Hakuna mtu katika mijengo yao yote aliyetumia sinia mara nyingi kama mimi. Mama mmoja wa makao makuu alisema kama mtu wa miaka sabini na mbili ameweza, basi nani atasema hawezi? Kazi ya kuhama imefaulu. Karatasi imekwisha.

Wakanipigia makofi. Kewal alipiga kwa nguvu kuliko wote, anacheka na machozi yanamtoka. Nilipiga na mimi. Nikakata keki. Wakanitoa nje kunipiga picha nimeshika sinia.

Picha imetoka vizuri. Nimesimama wima, nyota kabisa. Nyuma ya bega langu la kushoto, ukiangalia kwa makini, kuna konteina inapanda juu ya lori.

Zeinab kaiangalia. Akauliza, "Na birika?"

Birika limekwenda nayo.

Ijumaa, 19 Oktoba

Sikupelekwa kwenye mpira wa maji. Nani angethubutu! Wakubwa wameamua nifuatane na Kowsar mjengo hadi mjengo, niwatie moyo wazee wenzangu waache woga. Yote haya nilikuwa nimeyapanga tangu mwanzo. Nimemweleza hivyo Zeinab. Akanipakulia dengu, ambayo ni njia yake ya kukubali.

Leo tumeanza Moseley. Jumba la zamani lenye vyumba kumi na vinane, linageuzwa kuwa nyumba ndogo ndogo. Watu wa Kewal nao wameletwa. Masinia ishirini, mapya. Usiku yanalala kwenye kabati chini ya ngazi, yachajiwe. Nikalichungulia lile kabati. Pakavu. Pana joto kutokana na mabomba. Stuli inaingia. Na mlango wake umekatwa katikati, unaweza kufungua nusu ya juu tu ukaegemeza viwiko.

Kowsar yuko ghorofani anapima intaneti, hajashuka tangu saa mbili. Basi nimepanga utaratibu. Sinia haliwezi kuchukuliwa ovyo tu, kila mtu akajichukulia, hiyo ni vurugu. Kwanza fundi anakuja kwangu. Anasema jina, ghorofa, na ukuta anaotaka kuuona. Mimi naandika daftarini. Kisha nalifungua sinia mimi mwenyewe, natafuta ramani mimi mwenyewe, ile M bado inajificha, halafu namwonyesha. Akishaiona analirudisha. Ufunguo ninao shingoni.

Saa nne sasa. Foleni imepita mlango wa mbele, imefika kwenye waridi za jirani. Mtu wa tisa anapiga miayo. Kila kitu kiko sawasawa.

Anayetilia shaka niliyoandika humu amuulize Kowsar, atamwonyesha ule mstari wangu. Amuulize Zeinab kuhusu dengu. Na amuulize Kewal Singh, aliyeyaona yote kwa macho yake. Si vigumu kumpata. Ni mtu wa kumi na saba kwenye foleni, amekunja mikono, ananitukana kwa lugha tatu, na nimemwambia aanze upya kwa sababu hakutaja ghorofa.